Deni la Walimu wa Kanyabayonga

Msafiri atokaye Goma, mashariki ya Kongo, kwenda kaskazini kwa barabara kuu ya taifa namba 2, akiisha kupita Rutshuru na Kiwanja na kulivuka bonde la Rwindi, ambako katika siku za amani wageni walikuwa wakitoka Ulaya kuja kutazama nyati na viboko wa Hifadhi ya Virunga, hufika chini ya mpando wa Kabasha, na hapo gari huanza kujikokota kwa kona nyingi, hewa ikizidi kupoa, mpaka bonde lote, na Ziwa Edward kwa mbali, linabaki chini yake. Juu ya mpando huo ndipo ulipo mji wa Kanyabayonga. Si mji mkubwa, wala hauna majumba ya fahari. Lakini umekaa pahala ambapo wilaya ya Rutshuru inakwisha na ile ya Lubero inaanza, na kila kitokacho upande mmoja kwenda wa pili hakina budi kupita mbele yake: samaki wa Vitshumbi wakipanda kwenda Butembo, viazi na maharagwe ya Lubero yakishuka kwenda Goma, na Wanande, Wahunde, Wahutu na wengineo wakikutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili.

Pahala pa namna hiyo hapakosi kutamaniwa na wenye silaha. Mnamo Novemba 2008 askari wa serikali, waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya waasi wa Laurent Nkunda, waliupora mji uleule waliotumwa kuulinda. Na tarehe 28 Juni 2024, siku ya Ijumaa, siku mbili tu kabla ya taifa kuadhimisha uhuru wake, mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wakazi wake wakashika njia ya Kirumba, Kayna na Lubero, magodoro vichwani. Habari za vita hivyo zimeandikwa na watu wanaozijua kuliko mimi, nami sikusudii kuzirudia. Ninalokusudia ni kusema habari za watu ambao ni nadra kutajwa katika taarifa za vita au za amani, nao ni walimu wa shule za mji huo na wa vijiji vinavyouzunguka, ambao wengi wao kwa miaka mingi wamekuwa wakifundisha bila ya mshahara wa serikali, wakasifiwa kwa moyo wao wa kujitolea, na sifa hiyo ikawa pazia la kufichia deni wanalolidai.

Ulimwenguni, likitajwa jambo la mtu kujitolea kufundisha shule katika Afrika, sura inayowajia watu aghalabu ni ya kijana wa Kizungu mwenye mkoba mgongoni na chaki mkononi, aliyeiacha nchi yake kwa mwaka mmoja au miwili kuja kutusaidia. Sura hiyo ina asili yake. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe walianzisha Uingereza shirika la VSO la kupeleka vijana ng'ambo. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani akaanzisha Peace Corps. Na tangu mwaka 1970 vijana wa shirika hilo la pili wakaja Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa wakati wa Rais Mobutu, wakafundisha hesabu, sayansi na Kiingereza katika shule za sekondari za mikoani, mpaka Septemba 1991 askari wa Kinshasa walipoasi na kupora maduka, nao wakaondolewa. Insafu yataka tuseme kwamba wengi wao walifanya kazi njema. Walikaa muda wa kutosha kujifunza lugha, walikula walichokula wenyeji, na wako watu wazima hata leo ambao hesabu za kwanza ngumu walifundishwa na kijana wa namna hiyo.

Wako na wengine wasiokumbukwa sana, ambao kwa maoni yangu wanastahiki kukumbukwa zaidi. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, wenyeji waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno, na walimu wa Kibelgiji wakaondoka kwa makundi. Ndipo Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, ukawaendea watu wa Haiti, weusi wasemao Kifaransa, waliokuwa wakiikimbia dhuluma ya Rais Duvalier, wakaja kwa mamia wakawa walimu na maofisa katika miji ya Kongo. Mtengenezaji wa filamu Raoul Peck, aliyeitoa filamu ya Lumumba mwaka 2000, alifika Kongo akiwa mtoto kwa sababu wazazi wake walikuwa katika msafara huo. Hao walilipwa, tena walilipwa vizuri. Hakuna aliyeona haya kuwalipa, wala hakuna aliyedhani kwamba kwa kupokea ujira upendo wao kwa watoto wa Kongo ulipungua.

Siku hizi anayekuja kujitolea huja kwa majuma machache, naye hulipia safari yake mwenyewe kupitia wakala, akafikia Arusha, Moshi, Mombasa au Unguja, akaimba na watoto wa chekechea, akapiga picha, akapanda mlima au akaenda pwani, akarudi kwao. Hana ubaya, na shule nyingine zimepata choo au madawati kwa sababu yake. Lakini huyo hafiki Kanyabayonga. Serikali za Ulaya na Marekani huwaonya raia wao wasikanyage mkoa huo wa Kivu Kaskazini, nao hutii. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kujitolea katika shule za huko, basi ni mzaliwa wa hukohuko, aliyesoma hapohapo, na ambaye hana pa kurudi muda wake ukiisha, kwa kuwa muda wake hauishi.

Maisha ya mwalimu huyo yajulikana na kila mtu wa Kivu. Amemaliza sekondari katika mkondo wa ualimu, akafaulu Mtihani wa Taifa, akapata cheti kile ambacho baba yake aliuza mbuzi na ndizi ili akipate. Direkta wa shule akamchukua kwa kuwa darasa la tatu halina mtu. Saa moja na nusu asubuhi yuko mlangoni. Watoto ni wengi, madawati ni machache, kitabu ni kimoja nacho kiko mkononi mwake. Katika madarasa ya mwanzo hufundisha kwa Kiswahili, kama ilivyo kanuni ya shule za mashariki ya nchi, na baadaye hana budi kuwavusha watoto, ambao nyumbani husema Kinande, Kihunde au Kinyarwanda, waingie katika Kifaransa. Mchana huenda shamba. Mkewe, ikiwa ni mtu wa bahati, ana meza sokoni, na meza hiyo ndiyo inayoilisha nyumba na, tukisema kweli, ndiyo inayoiendesha shule. Mwisho wa mwezi wenzake wawili au watatu hupata habari kwamba fedha imefika, wakafunga safari kwenda kuipokea. Yeye hubaki na madarasa yao.

Kwa nini hawa wapate na yule asipate? Hapa ndipo ilipo mashine yenyewe, na inafaa tuitazame kwa ndani, maana nje haionekani. Katika Kongo shule haitambuliwi na mfuko wa serikali mpaka ipate idhini ya waziri, kisha iingizwe katika bajeti, kisha walimu wake waandikwe mmoja mmoja katika orodha ya malipo, jambo ambalo wenyewe huliita kumekanizwa. Jalada la mwalimu hutoka kwa direkta, likaenda katika ofisi ya elimu ya eneo, likapanda mkoani, likapita katika idara ya kudhibiti mishahara iliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la SECOPE, kisha likaenda Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege na usiopimika kwa barabara. Njiani kuna meza nyingi, na kila meza ina mtu, na kila mtu ana watoto wa kulisha. Basi wako walimu ambao hawana hata namba, nao huitwa NU, yaani watu wa vitengo vipya, ingawa baadhi yao wamekuwa wapya kwa miaka kumi. Na wako walio na namba lakini fedha haijapata kuwafikia, nao huitwa *non payés*, jina ambalo halimdanganyi mtu. Wote hao hukaa darasa moja na wale wanaolipwa, hufundisha mtaala uleule, na mkaguzi akija huwakagua vilevile.

Hali hii haikuzuka ghafla. Shule za nchi hii zilianza mikononi mwa misheni. Katika nchi ya Wanande mapadre Waasumpsionisti walifika mwaka 1929, wakajenga kanisa na shule pamoja, na jimbo lao la Beni, ambalo tangu mwaka 1967 linaitwa Butembo-Beni, likawa mlezi wa shule nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu akazitwaa shule zote zikawa za dola. Asiweze kuziendesha, akazirudisha kwa makanisa kwa mkataba wa mwaka 1977: kanisa lisimamie, dola ilipe. Mkataba huo ungali ndio msingi wa mambo yote. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha ya Zaire iliporomoka hata mshahara wa mwezi ukawa hautoshi kununua kilo chache za unga, walimu wakagoma, mwaka mzima wa masomo ukapotea, na ndipo maaskofu na wazazi walipopatana kwamba, watoto wasije wakakua mbumbumbu, wazazi wenyewe wawape walimu kitu cha kuwatia moyo. Kitu hicho kikaitwa *prime*. Ilikuwa dawa ya dharura. Ikadumu zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Mtu asiwadharau wazazi hao. Watu wa Butembo na Lubero wana sifa ya kujijengea mambo yao bila ya kungoja Kinshasa, na Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo hilo tangu mwaka 1966 hadi 1997, aliikuza tabia hiyo kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichofunguliwa Butembo mwaka 1989, ni tunda lake. Kila kilima kikawa na shule iliyojengwa kwa miti, udongo na mabati ya wazazi, na mzazi ambaye hakuwa na fedha alileta maharagwe. Sisi wa pwani tunaijua desturi hiyo kwa upande mwingine: mwalimu wa chuo cha Kurani katika Lamu, Mombasa au Unguja hakuandikwa katika daftari la sultani wala la gavana, wazazi walimpelekea walichojaaliwa, na mtoto alipohitimu alipewa kanzu au fedha kadiri ya uwezo wao. Alikuwa fukara, lakini alikuwa na mambo mawili asiyo nayo mwalimu wa Kanyabayonga. Chuo kilikuwa chake. Na hapakuwapo mtu mwingine, katika mji mkuu wa mbali, aliyesaini karatasi ya kuahidi kumlipa.

Wala *prime* haikuwa safi. Fedha aliyotoa mzazi haikuishia kwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda ngazi kwa ngazi, ikalipia ofisi ya direkta, ya mratibu wa kanisa, ya mkaguzi na ya wakubwa wa elimu, ambao nao serikali ilikuwa imewasahau. Mtoto ambaye hakulipa alirudishwa nyumbani katikati ya mtihani. Wapo walimu waliowapeleka wanafunzi kulima mashamba yao, na wapo walioomba kwa wasichana kile ambacho hakiandikiki hapa. Mshahara ukikosekana, heshima ya kazi hukosekana nayo, na kinachotangulia kuharibika ni kile ambacho mtoto hawezi kukisema.

Sasa tufike mwaka 2019. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kutamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Serikali moja baada ya nyingine ikakipita kifungu hicho kama apitaye mdai wake njiani. Rais Félix Tshisekedi, aliyeapishwa Januari 2019, akaamua kukitimiza, na Septemba ya mwaka huohuo milango ikafunguliwa bila ada. Lilikuwa jambo la haki, wala simwoni mtu wa dhamiri awezaye kulipinga. Watoto waliingia kwa mamilioni. Wasichana ambao zamu yao ya kusoma ilikuwa baada ya kaka zao wakaacha kungoja zamu. Benki ya Dunia ikaidhinisha Juni 2020 mradi wa dola milioni 800 kuisaidia nchi katika kazi hiyo, na walimu waliokuwa katika orodha ya malipo wakaongezewa mshahara.

Lakini tazama lililompata yule asiyekuwamo katika orodha. Kabla ya hapo alikuwa halipwi na serikali, ila wazazi walikuwa wakimpa *prime*. Tangu hapo serikali haimlipi, na mzazi akimlipa amevunja sheria. Riziki yake ndogo imefutwa kwa amri, na ile kubwa aliyoahidiwa haijaja. Darasa lake, lililokuwa na watoto hamsini, likawa na mia. Maelfu kwa maelfu ya wenzake waliandikwa katika miaka iliyofuata, hilo ni kweli na tuwape sifa waliolifanya. Lakini waliosalia ni wengi, na kila mwaka shule mpya hufunguliwa kwa sababu watoto ni wengi zaidi, kwa hiyo kundi la wasiolipwa hujazwa upande mmoja huku likipunguzwa upande wa pili. Wengine walihamia sekondari, ambako wazazi bado huruhusiwa kulipa. Wengine walikwenda migodini, au wakanunua pikipiki kwa mkopo wakawa madereva wa abiria. Mwalimu mwenye cheti akiendesha pikipiki hupata kwa siku chache kile ambacho ubao haujampa kwa mwaka.

Na katika wakati uleule, wakaguzi wa fedha za serikali walipoifungua idara ya mishahara ya walimu mwaka 2021, walikuta shule ambazo hazipo na walimu ambao hawajapata kuzaliwa, wale ambao Watanzania huwaita watumishi hewa, wakilipwa kila mwezi bila kukosa. Wakubwa wawili wa wizara wakahukumiwa vifungo virefu. Mtu aliye hai, mwenye darasa, mwenye sauti iliyokauka kwa vumbi la chaki, hana namba. Na mtu asiyekuwapo anayo namba na fedha juu yake. Sijaona hoja yoyote iwezayo kulisafisha jambo hilo.

Hapa msomaji ataniuliza: kama ndivyo, kwa nini asiache? Si amejitolea mwenyewe? Jibu lamo katika mashine ile niliyoieleza. Nafasi yake katika foleni ya Kinshasa imefungamana na nafasi yake darasani. Akiondoka, jina lake huondolewa, na mwingine huandikwa mahali pake, na miaka minane au kumi aliyongoja inakuwa si kitu. Kwa hiyo hubaki. Hubaki mwezi mmoja zaidi, muhula mmoja zaidi, kwa kuwa alichokwisha kutoa ni kingi mno hawezi kukiacha. Kujitolea ni jambo la hiari, na hiari maana yake ni kwamba mtu aweza kuondoka asipungukiwe na haki. Mwalimu huyu haondoki kwa sababu haki yake imeshikwa rehani. Mimi siwezi kuliita jambo hilo kujitolea. Naliita kazi ya mkopo, ambayo mkopaji ni dola.

Hata hivyo, ningekuwa nawadhulumu walimu wenyewe kama ningesema kwamba wanakaa kwa hesabu hiyo tu. Mwaka 2018 Ebola ilipotangazwa katika nchi ya Beni na Butembo, ikaua watu 2,287 hadi ilipokomeshwa Juni 2020, shule hazikufungwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Walimu ndio waliosimama mlangoni na ndoo za maji ya klorini, wakawaosha watoto mikono, wakiwaeleza wazazi wenye hasira na shaka kwamba ugonjwa haukuletwa na waganga. Hakuna aliyewaongezea senti. Na mji wao ulipoanguka mwaka 2024, walimu wa Kanyabayonga wakawa wakimbizi pamoja na wanafunzi wao, wakalala katika madarasa ya shule za wengine huko Lubero na Butembo, madarasa ambayo Septemba ilipofika ilibidi yaachwe ili masomo yaanze. Kwa watu wa namna hii sifa ni haki yao. Ninachokataa ni kwamba walipwe kwa sifa.

Vita vimeongeza fundo juu ya fundo. Goma ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025 mabenki yake yalifungwa, na hata mwalimu aliyekuwa na namba akajikuta mshahara wake upo na hauchukuliki, isipokuwa asafiri mbali kuvuka mistari ya majeshi. Walio katika nchi inayoshikwa na waasi hulipwa na serikali iliyoondoka, kama hulipwa, na hutawaliwa na wenye mamlaka ambao hawakuwaajiri. Tarehe 27 Juni 2025, mwaka mmoja kasoro siku moja tangu Kanyabayonga ianguke, mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani huko Washington. Mikataba ya amani ina vifungu juu ya majeshi, mipaka na madini. Kama wapatanishi wangetaka kuongeza kifungu kimoja juu ya mishahara ya walimu wa pande zote mbili za mstari, isingewagharimu hata saa moja ya mazungumzo.

Tusidhani kwamba Kongo peke yake ina aibu hii. Tanzania ina vijana wengi waliohitimu ualimu, wasioajiriwa, ambao hufundisha katika shule za serikali kwa jina hilohilo la kujitolea, wakipewa nauli na kamati ya shule au wasipewe, wakitumaini kwamba ajira zikitangazwa watakumbukwa. Kenya iliwachukua maelfu ya walimu wa sekondari za chini kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, watu wenye shahada na leseni kamili. Mahakama ya kazi ya Nairobi ikaamua Aprili 2024 kwamba mpango huo haukuwa halali, walimu wakagoma, na Januari 2025 walimu 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Kumbe fedha huweza kupatikana. Ilitafutwa baada ya jaji kulitaja jambo kwa jina lake.

Na kuhusu wakubwa wanaowahubiria walimu uzalendo na subira, nakumbuka kisa cha Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa sehemu ya mshahara. Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1955 alikuwa ameiacha kazi yake ya ualimu Pugu kwa sababu ya siasa, aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Wengi walimwona mkali kupita kiasi, na huenda walikuwa na haki. Lakini siku ileile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mawaziri wake wakamfuata. Aliyetaka wengine wajinyime alianza na mfuko wake. Mjini Kinshasa sijasikia mbunge wala waziri aliyeambiwa afanye kazi miaka minane akingoja jalada lake.

Basi nawaomba wenye kuandika, wenye kuhubiri na wenye kutoa hotuba katika Siku ya Walimu, ambayo Kongo huiadhimisha tarehe 30 Aprili, waache kuwashukuru walimu hawa kwa kujitolea. Nawaomba matajiri wa Butembo, ambao wamejenga maduka na mahoteli kwa mitaji iliyotoka Dubai na Guangzhou, na ambao baadhi yao walijifunza kusoma kwa mwalimu wa *prime*, walisimamie jambo hili mbele ya serikali kwa bidii ileile wanayoitumia kudai barabara. Kwa wizara iliyoko Kinshasa ombi ni moja: kila mwalimu wa NU anayethibitishwa na shule yake, na watoto aliowafundisha, aandikwe, na siku atakapoandikwa, malipo yake yahesabiwe tangu siku aliyoingia darasani, si tangu siku karatasi ilipopigwa muhuri. Majalada ya wengi wao yamekwisha kufika ofisini tangu zamani, yana majina, vyeti na sahihi za wakubwa, na atakayeamua kuwalipa hatahitaji kuwatafuta.